Gari Lako la Kwanza la Stima: Kuijua Nissan Leaf ya Japani, Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoulizwa na wageni wa magari ya stima ni yale yale kila wiki. Mbona muuzaji wa yadi aliniambia kilomita 400 na mimi sifikishi hata 250? Mvua ikininyeshea nikichaji, nitapigwa shoti? Naweza kuchomeka kwenye soketi ya pasi? Nimeona niyajibu mara moja, kwa mtu aliyelichukua gari jana na leo analizunguka na ufunguo mkononi, hajui aanzie wapi.

Gari ninalolizungumzia ni Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Leaf zinazoshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, siku hizi ni za umbo la pili, lililoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017. Betri yake ni ya uniti 40, au uniti 62 kwa ile iitwayo e+ iliyofuata mwaka 2019. Uniti hapa ni hizi hizi za tokeni za stima unazonunua. Ukiwa na umbo la kwanza, lenye betri ya uniti 24 au 30, mengi ya humu yanakuhusu pia. Sema tu umbali utapungua.

Neno langu kubwa ni hili: usiendeshe kwa nambari ya mtu mwingine. Si ya katalogi, si ya muuzaji, wala ile kubwa inayokukodolea macho kwenye dashibodi. Mwezi wa kwanza tafuta nambari tatu za gari lako mwenyewe. Betri imebaki na afya kiasi gani? Uniti moja inakupeleka kilomita ngapi kwenye njia zako? Na soketi ya nyumbani kwako inabeba mzigo gani bila kuungua? Ukizipata hizo, hofu nyingi za wageni wa magari haya zinakwisha zenyewe.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Waya wa kuchajia uliokuja na gari. Geuza kisanduku chake usome kibandiko: volti ngapi, ampea ngapi.
- Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Kijana anayefunga taa za harusi hafai kwa kazi hii, hata kama ni mpwa wako.
- Kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, cha kusomea kompyuta ya gari, na programu ya LeafSpy kwenye simu, inayoonyesha hali ya betri. Hakikisha kwanza kwamba kifaa hicho kinaelewana na LeafSpy. Vya bei ya kutupa mara nyingi vinagoma.
- Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera. Maandishi ya gari ni Kijapani.
- Kipimo cha presha ya tairi.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, daftari.
- Namba ya simu ya mwenye lori la kubeba magari mgongoni. Sababu utaiona mwishoni.

1. Jifunze kuwasha, na zaidi ya hapo, kuzima

Kanyaga breki, bonyeza kitufe cha kuwashia. Hutasikia kitu cha injini. Tazama dashibodi: ikitokea taa ya kijani yenye umbo la gari na mshale, gari liko tayari na litaondoka ukiligusa. Usipokanyaga breki, vyombo vitawaka, redio italia, lakini gari halitasogea, na hapo ndipo wengi humpigia muuzaji simu wakilalamika kwamba gari ni bovu.

Gia ni kile kitufe cha mviringo kati ya viti. Unakisukuma kushoto kisha mbele au nyuma, nacho kinarudi katikati chenyewe. P iko juu yake, ya kubonyeza.

Kosa la hatari zaidi la wiki ya kwanza: kushuka ukidhani umezima. Gari limenyamaza, AC ilikuwa ndogo, ukaingia dukani na mtoto amebaki kiti cha mbele. Mtoto akichezea gia na pedali, gari linaondoka. Jizoeze mpangilio mmoja: P, breki ya mkono, kitufe, kisha tazama kwa macho yako kwamba ile taa ya kijani imezimika. Likikupigia mlio unapofungua mlango, usilipuuze.

Na watu hawakusikii. Kwa mwendo mdogo gari linatoa sauti nyembamba ya kuwatahadharisha wapita njia, lakini kando ya stendi ya matatu sauti ile inamezwa. Pita taratibu, piga honi kidogo.

2. Lihamishe kutoka Japani

Kila ukiwasha, mwanamke fulani atakuambia kwa adabu nyingi: *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen*. Anasema kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa. Hakuna hitilafu yoyote. Fundi wa redio anaweza kukichomoa kile kisanduku, au uzoee kusalimiwa.

Redio itashika stesheni chache tu, kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na kuishia 95, na za kwetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kifaa cha kuongeza masafa, au tumia Bluetooth. Ramani yake ni ya Japani, achana nayo. Programu ya Nissan ya kulifuatilia gari kwa simu haifanyi kazi huku kwa gari la soko la Japani, usipoteze jioni nzima kujaribu.

La maana ni saa. Japani iko mbele yetu saa sita, na saa ya gari ndiyo inayoendesha ratiba ya kuchaji. Tumia kamera ya simu ikutafsirie menyu ya mipangilio, rekebisha saa, kisha tafuta ratiba za kuchaji na za AC zilizoachwa na mwenyewe wa kwanza. Zifute zote. Ukiweka yako baadaye, kumbuka gari halijui saa za Kiswahili: saa nne usiku kwake ni 22:00.

3. Kagua soketi kabla hujachomeka

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Soketi zetu za ukutani, zile za miguu mitatu ya mraba, ni za ampea 13. Zimezoea birika la dakika tatu na pasi ya robo saa. Gari linavuta mzigo mzito bila kupumzika usiku kucha, na soketi hiyo hiyo iliyovumilia birika miaka kumi inaanza kuyeyuka.

Waya uliokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni wa volti 200, ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye ukuta wetu. Wauzaji wanaikata na kufunga plagi ya ampea 13. Hesabu mwenyewe: mzigo wa 15 kupitia mlango wa 13, saa nane mfululizo. Plagi inageuka rangi ya chai, kisha inatoa harufu, kisha inashikana na soketi. Kama kisanduku kimeandikwa volti 100 peke yake, usikichomeke kabisa kwenye stima yetu ya 240.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kununua waya wenye kichwa cha Type 1, ambacho ndicho kinachoingia tundu dogo la Leaf, na wenye kitufe cha kupunguza ampea. Uuweke 10 na uuache hapo. Ya pili, ambayo mimi naipendelea kwa mwenye nyumba yake, ni kumwita fundi avute laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa stima: waya mnene, sakiti breka yake, swichi ya kukata stima inayovuja, na soketi ya buluu ya kiwandani ya ampea 16 au kisanduku cha ukutani. Gharama yake si kubwa ukiilinganisha na bei ya gari.

Kwa vyovyote, mwambie fundi apime athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Nyumba nyingi za zamani, hasa za ndani ya mji na za kupanga, zina tundu la tatu lisilokwenda popote. Waya mzuri wa kuchajia unalijua hilo na utakataa kufanya kazi. Akikwambia "tuidanganye tu" kwa kuunganisha athi na nyutro, mshukuru, mlipe nauli yake, tafuta mwingine.

Ekstensheni, hapana. Na ile iliyozungushwa kwenye gurudumu lake ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa joto halina pa kutokea.

Kuhusu mvua: kichwa cha kuchajia hakipitishi stima mpaka kimeingia sawasawa na gari na waya vimewasiliana. Mvua ya kawaida si tatizo upande wa gari. Kinachotakiwa kukingwa ni plagi ya ukutani na kile kisanduku cha katikati ya waya. Vitundike, visilale kwenye dimbwi. Ua likijaa maji ya mafuriko, zima kwenye ubao kwanza, chomoa baadaye.

4. Chaji yako ya kwanza, ukiwa macho

Ifanye mchana, ukiwa nyumbani.

Zima gari. Fungua kifuniko cha mbele. Tundu kubwa ni la chaji ya haraka, dogo ni la nyumbani. Chomeka ukutani kwanza, subiri taa za kisanduku zitulie, kisha chomeka kwenye gari mpaka usikie *tk*. Juu ya dashibodi, karibu na kioo, kuna taa tatu za buluu zinazoonekana hata ukiwa nje. Zikiwakawaka kwa zamu, gari linakula.

Baada ya nusu saa shika plagi ya ukutani. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuikumbatia kwa kiganja bila kuachia, zima. Rudia baada ya saa moja, na tena baada ya mbili. Usichaji ukiwa umelala mpaka jaribio hili limepita.

Kwa ampea 10 utapata kama uniti 2 kila saa ndani ya betri, baada ya kutoa zinazopotea njiani. Usiku wa saa nane ni uniti 16, yaani kama kilomita mia. Watu wengi wa mjini hawafikishi hizo kwa siku, kwa hiyo usikubali kuuziwa kisanduku kikubwa cha ampea 32 kwa kutishwa.

5. Pima afya ya betri

Kwenye kipimo cha chaji kuna vijistari vidogo 12. Hivyo vinaonyesha uwezo uliobaki wa betri, havionyeshi chaji ya leo. Muuzaji atakuonyesha 12 kwa fahari. Ila kistari cha kwanza kinaanguka betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo vijistari 12 vinaweza kuwa betri ya asilimia 98 au ya 86. Isitoshe, kuna hila inayojulikana kwa Leaf, hasa za umbo la kwanza: kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijistari vyote virudi. Vinaanguka tena baada ya muda, muuzaji akiwa ameshapokea pesa zake.

Kwa hiyo:

a) Chomeka kifaa cha OBD chini ya usukani, washa gari, fungua LeafSpy. Andika daftarini asilimia ya afya (SOH), idadi ya chaji za haraka na za kawaida, na joto la betri.

b) Kwenye LeafSpy tazama vijiti 96 vya seli, vile vipande vinavyounda betri. Chaji ikiwa ya kutosha vinatakiwa viwe karibu sawa, kama meno ya kitana. Rudia chaji ikiwa chini ya asilimia 25, maana seli dhaifu hujificha betri ikiwa imejaa na kujifichua ikikaribia kuisha. Kijiti kimoja kikizama peke yake, nenda nacho kwa muuzaji na picha ya skrini.

c) Rudia kila mwezi, chaji ikiwa kiwango kile kile. Nambari ya siku moja inayumba. Mwelekeo wa miezi ndio wa kuaminika.

Wa yadi akikutajia waranti ya Nissan ya miaka minane au kilomita 160,000, hiyo ilitolewa kwa wateja wa Japani. Haikupanda meli.

6. Tafuta kilomita zako kwa uniti

Leaf ya uniti 40 iliuzwa Japani kwa katalogi ya kilomita 400, kwa kipimo chao cha zamani. Wamarekani walipolipima gari hilo hilo walipata 243. Umeona tofauti? Na hilo lilikuwa jipya.

Kwenye dashibodi rudisha wastani wa matumizi hadi sifuri, kisha endesha wiki nzima kwa maisha yako ya kawaida. Utapata nambari ya km/kWh, yaani kilomita kwa uniti moja. Mjini kwa mguu wa kawaida huwa 6 hadi 7. Barabara kuu kwa kasi ya 110 inashuka sana, kwa kuwa upepo ndio adui mkubwa wa gari la stima.

Sasa hesabu. Betri ya 40 ikiwa mpya inakupa kama uniti 36 za kutumia. Afya ikiwa asilimia 85, zimebaki kama 31. Kwa kilomita 6.5 kila uniti ni kilomita 200. Toa asilimia 15 ya akiba: 170. Hiyo ndiyo nambari yako, iandike, ibandike kwenye kikinga jua. Ile ya dashibodi inakisia kwa kutazama ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka kwenye mteremko inakupa matumaini, ukitoka kwenye mlima inakutia kiwewe.

Pima na mita. Mtu wa Mtwapa anayefanya kazi mjini Mombasa, tuseme kilomita 45 kwa siku, anatumia uniti 7 na kwenye mita zitasomeka kama 8, kwa sababu ya zinazopotea. Zidisha kwa bei unayonunulia tokeni, ulinganishe na petroli uliyokuwa ukiitia. Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei ya pekee ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini inataka mita yake. Kwa gari moja la familia, piga hesabu kwanza ya kuifungisha.

Foleni ya Daraja la Nyali haikumalizii chaji kama unavyodhani: gari likisimama, mota haili kitu. AC ndiyo inayokula, kama uniti moja kwa saa joto likiwa kali. Kwa wa sehemu za baridi kama Limuru na Kericho, hita ni mlafi kuliko AC. Kama gari lako lina viti vya kupashwa moto, tumia hivyo.

7. Zoea kupunguza mwendo bila breki

Ukiachia pedali, mota inageuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri. Gia ya B inalivuta gari nyuma zaidi kuliko D. Swichi ya e-Pedal inakwenda mbali zaidi: ukiachia kabisa gari linasimama lenyewe. Ijaribu kwanza uwanjani, Jumapili asubuhi, maana ukiachia ghafla mbele ya bodaboda aliyekuganda nyuma atakuingia butini.

Betri ikiwa imejaa hadi juu, haina pa kuiweka stima hiyo, na uvutaji unadhoofika. Ukikaa juu ya mteremko mrefu usiondoke na asilimia 100.

Mara moja kwa wiki tumia breki zenyewe, kwa kuzikanyaga sawasawa mara kadhaa mwendo ukiwa wa wastani. Hewa yetu ya chumvi huku pwani inakula diski zisizotumika.

8. Weka tabia ya kuchaji, hasa pwani

Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza. Inategemea hewa tu. Mombasa, Tanga, Dar, Lamu, hili ndilo jambo la kulijali kuliko kilomita ulizoenda. Joto pamoja na chaji iliyojaa ndivyo vinavyoizeesha.

Siku za kawaida ishie 80 hivi. Mia iwe ya siku ya safari, na ifike mia karibu na saa ya kuondoka. Usilirudishe nyumbani saa nane mchana, lami inachemka, ukachomeka hapo hapo. Liache lipoe, chaji usiku wa manane. Paki kivulini. Kinyesi cha ndege wa mwarobaini kinaoshwa, uwezo wa betri ukishapotea haurudi.

Ukisafiri wiki kadhaa, liache na nusu. Kitabu cha gari kinakataza kuliacha zaidi ya siku 14 chaji ikiwa karibu na sifuri.

9. Chaji ya haraka

Leaf inatumia kichwa cha CHAdeMO. Vituo vingi vipya vinafungwa vichwa vya aina nyingine, CCS2 au vya Kichina, na haviingii kwenye Leaf. Usiamini ramani, piga simu, taja neno CHAdeMO, uliza kama kinafanya kazi leo. Kwa chaji ya kawaida ya vituo, yenye tundu la Type 2, nunua waya wa Type 2 kwenda Type 1 uuweke butini.

Inakwenda vizuri mpaka 80, kisha inajikokota. Ondoka, mwachie mwenzako. Chaji mbili za haraka siku moja ya joto zinapandisha kipimo cha joto la betri hadi karibu na eneo jekundu, na gari lenyewe litaanza kupunguza kasi ya kupokea.

10. Safari ndefu ya kwanza

Usianze na Nairobi. Anza na Malindi: kama kilomita 120 kutoka Mombasa, tambarare, na Kilifi iko katikati ukitaka kughairi. Endesha 80, hesabu uniti ulizotumia, chaji ulikofikia, rudi.

Barabara ya Nairobi ni kilomita 480 hivi na inapanda zaidi ya mita 1,600. Kuupandisha mwili wa gari peke yake, na watu wawili ndani, kunameza zaidi ya uniti 7 kabla hujahesabu upepo na AC. Ndiyo maana anayeshuka kuja Mombasa atakusimulia safari nyepesi kuliko utakayoipata wewe ukipanda. Panga vituo kwa nambari ya kupanda, na kila kituo kiwe na mbadala ambao unaweza kuufikia kikikutwa kimezimwa.

11. Huduma

Hakuna oili ya injini, plagi za moto wala mshipi wa taiming. Gereji ikikuandikia hivyo kwenye bili, ondoka. Kuna mafuta ya breki, maji ya kupozea mota na vifaa vyake, kichujio cha AC, na tairi, ambazo zinaisha mapema kwa sababu gari ni zito. Presha ifuate kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango.

Betri iko sakafuni na chini kuna nafasi ndogo, kwa hiyo matuta yasiyo rasmi yavuke kwa pembe. Jeki iwekwe kwenye alama zake tu. Waosha magari wasipulize maji ya presha chini ya boneti, na nyaya za rangi ya machungwa asiziguse mtu yeyote ambaye hakufundishwa magari haya. Hata fundi wako wa miaka yote.

Likikugomea

*Halifunguki wala haliwaki, jana lilikuwa na chaji tele.* Karibu kila mara ni betri ndogo ya volti 12 chini ya boneti, kama ya gari lolote. Ikifa hiyo, kubwa haiwezi kuamshwa. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango. Liamshe kwa betri nyingine kwa njia ya kawaida, washa mpaka taa ya kijani, liache lijichaji. Likirudia, nunua mpya. Lakini wewe usilitumie Leaf kuamshia gari la mtu la petroli.

*Linasema halioni ufunguo.* Betri ya rimoti. Igusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza.

*Nimechomeka, halichaji.* Kwanza ratiba: bado kuna iliyobaki? Pili, gari limezimwa kweli? Tatu, kichwa kimeingia mpaka mwisho? Nne, taa nyekundu kwenye kisanduku cha waya karibu kila mara inazungumzia athi. Jaribu nyumba nyingine kabla hujalilaumu gari.

*Linachaji kisha linakata usiku.* Shika plagi, nusa soketi. Kama ni baridi, tazama sakiti breka: huenda inabeba na hita ya bafuni. Stima ikiwa inapanda na kushuka, kama inavyofanya ikitoka kupotea, chomoa, subiri itulie.

*Linaishia 80 kila siku.* Baadhi ya Leaf za umbo la kwanza zina mpangilio wa kuilinda betri unaosimamia hapo. Uko kwenye menyu.

*Asilimia inaporomoka ghafla, kutoka 30 hadi 10.* Seli dhaifu. Rudia hatua ya 5(b). Seli zinaweza kubadilishwa bila kununua betri nzima, ila mtafute anayeifanya kazi hiyo kila siku.

*Kilomita zimegeuka vistari, kisha picha ya kobe.* Gari limeanza kujinyima nguvu. Zima AC, washa taa za hatari, tafuta pa kutoka barabarani sasa hivi, usijaribu kufika.

*Limezimika kabisa.* Usikubali kuvutwa kwa kamba. Tairi za mbele zimeungana na mota. Zikizunguka chini huku gari limezimwa zinazalisha stima isiyo na pa kwenda na zinaweza kuiharibu mota. Mwenye lori aje na la kubebea mgongoni, na kama ana la kunyanyua upande mmoja tu, mwambie kabla hajafunga mnyororo: anyanyue mbele, si nyuma.